Waambie waongeze mikono: michoro ya wanachuo na haki katika maabara ya kemia

SWALI: Mimi ni mkufunzi wa kemia katika chuo cha ualimu, Nyanda za Juu Kusini. Nina wanachuo wapatao 60 wa mwaka wa kwanza wa stashahada, wanaofanya vitendo katika makundi ya watu watano watano. Nimeona wapo wanaomaliza muhula mzima bila kushika bureti, ile neli ndefu yenye vipimo na koki ya kudondoshea kimiminika, wengi wao wasichana na wale waliotoka shule zisizo na maabara. Nikiwauliza wananijibu, “Hakuna shida, Mwalimu.” Nimesikia kwamba kuna vyuo vya nje vinavyotumia michoro ya wanafunzi kuchunguza nani anaachwa pembeni maabara. Wenzangu idarani wananicheka, wanasema hayo ni mambo ya chekechea. Je, inafaa? Nianze vipi, na nikishaipata hiyo michoro niifanyie nini?

JIBU: Inafaa, Mwalimu, kwa masharti mawili. Usiwaambie wachore “usawa”. Na usiwaombe wachore chochote kabla hujajua ni kitu gani ndani ya maabara hiyo unaweza kukibadilisha wewe mwenyewe, muhula huu, bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Sharti la pili ndilo gumu, na wengi wanaoijaribu mbinu hii hulikanyaga.

Kwanza hilo la “hakuna shida”. Usilihesabu kuwa uongo. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza anayesimama mbele ya mkufunzi atakayempa alama, huku wenzake anaolala nao bweni moja wakisikiliza, ana sababu nzuri ya kujibu hivyo. Akisema “fulani haniachii bureti” amemshitaki fulani. Akisema “naogopa asidi” amejitangaza. Na wapo ambao kweli hawaoni shida, kwa sababu tangu kidato cha kwanza wamezoea kwamba vitendo ni jambo la kutazama. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi baada ya mwaka 2004, nyingi zilianza na madarasa na ofisi ya mkuu wa shule. Maabara ilikuja baadaye, au haikuja. Ndiyo maana mwaka 2014 Tanzania nzima ilikuwa mbioni, na michango ikikusanywa mpaka vitongojini, kujenga maabara tatu kwa kila shule ya kata kwa agizo la Rais Kikwete. Nalo jengo si vifaa, na vifaa si kemikali. Mtu aliyejifunza titresheni (kupima asidi au besi kwa kudondosha kimiminika hadi rangi igeuke) ubaoni, kwa chaki, hawezi kulalamika kwamba ananyimwa kitu ambacho hajawahi kukihesabu kuwa chake. Swali la mdomo halimfikii mtu huyo. Mchoro unaweza kumfikia, kwa kuwa unamtaka aonyeshe kilichotokea mezani, basi. Haumtaki ajitetee wala amshitaki mtu.

Sasa wenzako wanaocheka. Wana haki nusu. Michoro mashuhuri kuliko yote katika utafiti wa elimu ya sayansi ilitoka kweli kwa watoto wadogo. David Wade Chambers alichapisha mwaka 1983 matokeo ya kazi aliyoikusanya kati ya 1966 na 1977: watoto 4,807 wa Kanada, Marekani na Australia, kuanzia chekechea hadi darasa la tano, waliambiwa wachore mwanasayansi. Walichora koti jeupe, miwani, ndevu, chupa zinazotoa moshi. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote 28 walikuwa wasichana. Mwaka 2018 watafiti wengine waliunganisha tafiti 78 za aina hiyo zilizofanyika Marekani kwa zaidi ya watoto 20,000, wakakuta kwamba katika tafiti za kuanzia miaka ya 1980 waliochora mwanamke wamefika wastani wa asilimia 28. Maendeleo yapo. Hata hivyo watoto walivyozidi kukua ndivyo walivyozidi kuchora wanaume, ambalo kwa mwalimu ni jambo la kutafakari kuliko wastani wenyewe.

Lakini tazama wale watoto waliulizwa nini. Waliombwa wachore mtu ambaye wengi wao hawajawahi kumwona. Mtoto akichora ndevu na moshi huenda haamini kwamba wanasayansi wote wana ndevu. Anachora alama atakazozitambua anayemwuliza. Kwa hiyo kazi ile inatueleza vizuri taswira iliyoenea katika jamii, na haitwambii lolote kuhusu Jumanne saa nne kwenye meza namba saba. Tatizo lako wewe liko kwenye meza namba saba. Ukiiga zoezi la Chambers chuoni kwako utapata mzungu mwenye nywele zilizosimama, utaandika kwamba wanachuo wana mtazamo finyu, na bureti itabaki mikononi mwa yule yule.

Kilicho karibu zaidi na hitaji lako ni kazi ya Caroline Wang na Mary Ann Burris, ambao katika miaka ya 1990 waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, wapige picha za maisha yao ya kila siku na ya afya zao, kisha wakae pamoja wazizungumzie, na viongozi wa eneo wazione. Mbinu hiyo imeenea duniani, na watu wengi wameichukua kamera wakaacha mazungumzo. Ni kosa. Picha pale ilikuwa mlango tu. Maarifa yalitoka vinywani mwa wenye picha walipoulizwa ni nini kinachoendelea hapa, kwa nini hali iko hivi, na tufanye nini.

Kuna utafiti mwingine wa kuwaonyesha idarani, maana hauna rangi wala penseli. Katika maabara za fizikia za Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, watafiti waliangalia nani anafanya nini kundini na wakachapisha walichokiona mwaka 2020. Pale ambapo wanafunzi waliachiwa uhuru wa kubuni jaribio na kugawana kazi wenyewe, wanaume walielekea kwenye vifaa na wanawake kwenye kompyuta mpakato. Katika maabara za mtindo wa zamani, zenye maelekezo hatua kwa hatua, mgawanyo huo haukuonekana. Hakuna aliyetoa amri. Uhuru usio na utaratibu uliachia mazoea yapange. Nakuomba ulikumbuke hili utakapofika kwenye marekebisho, kwa sababu kishawishi cha kwanza cha kila mkufunzi mwema ni kuwaambia, “Gawaneni kazi vizuri.”

Basi tuingie maabara. Wanachuo wako tayari wanachora, kila wiki, kwa rula na penseli. Fungua daftari lolote la vitendo utaona stendi, kibanio, bureti iliyonyooka, chupa ya koni chini yake, kigae cheupe, na mishale yenye majina. Mchoro safi kabisa, na hauna mtu. Hakuna mkono unaofungua koki wala jicho linalosoma mstari wa kimiminika. Tumewafundisha hivyo kwa sababu nzuri, mtihani unataka hivyo. Ila ukitaka kujua nani yuko wapi, huhitaji somo jipya la sanaa. Waambie wachukue mchoro ule ule wa titresheni waongeze mikono.

Maelekezo yawe hivi, kwa sentensi fupi: “Chora meza yenu katika kipindi cha leo, wakati ule kimiminika kinashuka kutoka kwenye bureti. Onyesha kila mtu wa kundi lako alikuwa wapi na mikono yake ilishika nini. Andika pembeni neno lolote ulilolisikia likisemwa wakati huo.” Wape dakika ishirini mwisho wa kipindi, siku ile ile, kabla kumbukumbu haijapoa. Usitaje jinsia wala usawa wala haki. Ukitaja, utapata mchoro wa wasichana na wavulana wameshikana mikono chini ya jua linalochomoza, kama bango la semina.

Kwa nini mikono? Kwa sababu titresheni, ukiitazama kama kazi, ni ya mtu mmoja. Mkono wa kushoto unashika koki, wa kulia unazungusha chupa, macho yale yale yanasubiri rangi igeuke. Kundi la watano lina mikono kumi mbele ya kazi ya mikono miwili. Ukiongeza mwandishi wa vipimo na anayesafisha pipeti (neli ya kuvutia kiasi maalumu cha kimiminika), bado mna watu wawili ambao kazi yenyewe haina nafasi yao hata kundi zima liwe na roho safi. Nasisitiza hili kwa sababu wakufunzi wengi huanza uchunguzi wa namna hii wakitafuta mvulana mbaya anayepokonya vifaa. Huyo yupo mahali fulani, sikatai. Lakini mara nyingi michoro itakuonyesha hesabu ya vifaa na mikono, na aliyezoea tangu sekondari kuchukua nafasi ya kwanza akijaza pengo lililokuwa wazi.

Kila kundi litakupa michoro mitano ya meza moja. Hapo ndipo penye utajiri, na ndipo mahali ninapowaona watu wakipapita haraka. Usiitazame michoro 60 kama rundo moja. Iweke mitano mitano, kundi kwa kundi, sakafuni kama huna meza ya kutosha. Je, wote watano wamemchora mtu yule yule kwenye bureti? Kuna mtu ambaye wenzake wanne wamemsahau, au wamemchora mgongo? Mwandishi wa vipimo amejichora akiandika, na wenzake wamemchoraje? Pengine wanne wanaonyesha kwamba bureti ilizunguka, wa tano anaonyesha haikuzunguka. Tofauti hizo ndizo data. Mchoro mmoja ni hisia ya mtu mmoja. Mitano ya tukio moja inaanza kuwa ushahidi. Fundi sanifu wa maabara amechorwa na wangapi? Na wewe umesimama kwenye meza zipi? Jiandae kwa hilo la mwisho.

Ukitaka wenzako wanyamaze kabisa, fanya na hesabu ya kawaida. Katika vipindi viwili, mwombe fundi sanifu aweke alama kila dakika tano kwenye karatasi: meza ipi, nani ameshika nini. Kisha linganisha na michoro. Vikipatana, vizuri. Visipopatana, una swali zuri zaidi la kuwauliza wanachuo kuliko ulilokuwa nalo mwanzo.

Sasa watakuambia, “Mwalimu, mimi sijui kuchora.” Watasema kweli, shule zenye somo la sanaa ni chache, na usipokuwa mwangalifu utaondoa pengo moja na kufungua lingine, maana aliyesoma shule yenye mwalimu wa sanaa na boksi la rangi ataonekana ana mengi ya kusema. Chora wewe wa kwanza ubaoni, watu wa vijiti, vibaya. Wote wapate karatasi za aina moja na penseli moja. Na kuna wanaochukia kuchora sura za viumbe kwa sababu ya imani yao; wapo Waislamu wa msimamo huo na wasio Waislamu pia. Usiwabembeleze wala kuwataka maelezo. Mikono bila nyuso inatosha, au ramani ya maabara ikionekana kutoka juu: mlango, sinki, kabati la kutolea gesi, rafu ya kemikali, kisha njia aliyopita yeye siku hiyo kwa mstari. Ramani hizo zina faida yake. Mstari wa mtu mmoja utazunguka chumba kizima, wa mwingine utatoka mlangoni hadi kwenye kigoda na kurudi.

Baada ya duru hiyo ya kwanza, kama una nafasi ya kipindi kimoja zaidi, ningependekeza kitu ambacho vyuo vya nje hawana: kanga. Waambie kila kundi, au yeyote anayependa kufanya peke yake, abuni kanga ya maabara yenu. Kila mtu darasani anajua umbo lake bila kufundishwa: ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Pindoni wachore kinachojirudia kila kipindi. Mjini wachore kitu kilicho katikati ya maisha ya maabara hiyo kwa maoni yao. Jina waliandike wao. Kwenye pwani yetu, na siku hizi hadi Songea na Bukoba, kanga imefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka mia: kumfikishia jirani, mume au wifi ujumbe usioweza kusemwa usoni, na aliyeuvaa akabaki na haki ya kusema alipenda rangi tu. Hiyo ndiyo nafasi mwanachuo wako anayohitaji mbele yako. Atakupa jina, na ukimwuliza anaweza kukwepa. Usiwape mfano wowote wa jina. Ukitoa mfano, utalipata lako limenakiliwa mara ishirini. Pia wavulana wasiachwe wakidhani ni zoezi la kina dada. Wakigoma kanga, wape ubavu wa basi la mkoani, ambao nao huandikwa mafumbo ya aina hiyo hiyo.

Na kwa kuwa ni darasa la kemia, rangi watengeneze wenyewe. Choya iliyochemshwa inatoa wekundu mzito. Ukipitisha brashi ya maji ya ndimu juu yake unang'aa, ukipitisha magadi yaliyoyeyushwa inageuka kuelekea kijani na buluu. Manjano ya jikoni yakikutana na magadi yanakuwa mekundu ya udongo. Hapo wamepata viashiria viwili vya asidi na besi kwa bei ya sokoni. Kwa walio mbele kidogo kuna ile buluu wanayoiona wanapopima ayoni za chuma(III) kwa potasiamu heksasianoferati(II). Ni rangi ile ile ambayo wachoraji wa Ulaya wameitumia tangu ilipopatikana kwa bahati mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Chunga tu: isipashwe moto wala kuchanganywa na asidi kali, na mtu asishawishike kutumia manjano ya risasi au ya kromati, ambayo ni sumu, kwa kuwa yamependeza kwenye neli. Nakiri kwamba sehemu hii si ya lazima kwa uchunguzi wako. Lakini mwanachuo aliyekaa kigodani muhula mzima, akipata siku moja ya kutengeneza rangi yake mwenyewe kwa mikono yake, anazungumza zaidi siku hiyo.

Michoro ikishakusanywa, usiitafsiri. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wote. Aliyejichora mdogo kwenye kona huenda karatasi ilimwishia. Aliyepaka kila kitu cheusi huenda alipewa kipande cha mkaa. Msichana aliyejichora akiandika vipimo huenda aliichagua kazi hiyo kwa sababu anaipenda na anajua ripoti ndiyo yenye alama. Au alikabidhiwa daftari kwa sababu “una mwandiko mzuri”. Kwenye karatasi hali hizo mbili zinafanana kabisa. Swali la kumwuliza ni rahisi: “Nani aliamua?” Wakae watatu watatu au wanne wanne, wasiwe wa kundi moja la vitendo, kila mmoja aeleze mchoro wake, na maswali yawe yale yale: unaona nini hapa, kuna nini hasa kinachoendelea, kwa nini iko hivyo, tufanye nini. Wewe ukae mbali. Kama inawezekana, mazungumzo yaongozwe na mtu asiyewapa alama.

Na waongee Kiswahili. Karatasi ya maelekezo ya vitendo iko kwa Kiingereza, ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, na mezani anayeelewa haraka kilichoandikwa ndiye anayenyoosha mkono kwanza kwenye kifaa. Ukiwataka waeleze michoro yao kwa Kiingereza, utamsikia tena yule yule. Sitashangaa kama lugha itajitokeza kwenye michoro yako kuliko jinsia. Karatasi ya maelekezo ikichorwa kubwa kuliko bureti, uliza kwa nini.

Kuhusu usiri nitasema kwa ukali kidogo. Michoro hii isipewe alama, hata za “kushiriki”. Asiyetaka kuchora achore kifaa tu, na asiulizwe. Usimwahidi mtu kwamba hatajulikana ikiwa darasani yuko mmoja tu anayetumia kiti cha magurudumu, au mmoja tu anayevaa nikabu. Mchoro wake utamtaja kabla hujalisoma jina. Usibandike chochote ukutani wala kwenye kundi la WhatsApp la idara bila ruhusa ya mwenyewe, kwa mchoro mmoja mmoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chuo kinachokusanya taarifa za wanachuo hakiko nje yake. Kama lengo ni kuboresha ufundishaji wako, ruhusa ya mkuu wa chuo na ridhaa ya wanachuo vinatosha kuanzia. Ukikusudia kuchapisha, fuata taratibu za kibali cha utafiti mapema, si baada ya kukusanya. Tena ujue mapema utampeleka wapi mwanachuo atakayechora jambo zito kuliko bureti, mkono wa mtu usiotakiwa mgongoni mwake, kwa mfano. Mshauri wa wanafunzi, au dawati la jinsia kama chuo kinalo. Ukiwa hujui pa kumpeleka, usigawe karatasi.

Sasa turudi kwenye lile sharti gumu. Mtu akikuonyesha alipoachwa, kisha muhula ukaisha vile vile, umemfundisha kwamba kusema hakuna faida, na yeye kesho ni mwalimu wa kemia mahali fulani mwenye watoto 80. Kwa hiyo uwe na marekebisho matatu manne mfukoni kabla ya kuanza. Mengi hayahitaji fedha. Kadi za zamu: mtu wa bureti, msomaji, mwandishi, wa pipeti, msimamizi wa usalama, na kadi zizunguke kila kipindi kwa orodha unayoishika wewe. Hapa ndipo ile habari ya Cornell inapofanya kazi. Orodha yako ina haki kuliko “gawaneni vizuri”. Kigoda cha kupandia kwa mfupi, maana bureti ya mililita 50 kwenye stendi juu ya meza inamlazimisha kusoma kutoka chini na kukosea kipimo, kisha anaambiwa hajui kusoma. Mpira wa kuvutia kimiminika kwenye pipeti, ili asiwepo wa kuvuta kwa mdomo. Hilo ni kosa la usalama kwa kila mtu, lakini mjamzito ndiye anayejitoa kimya kimya. Mtandio wa pamba uliochomekwa ndani ya koti badala ya ule wa nailoni unaoyeyuka ukipata moto, na taarifa hiyo itolewe kwa wote siku ya kwanza, isiwe karipio kwa mmoja mbele ya wenzake.

Kuna na macho. Wapo wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, wengi wao wanaume kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu X, na baadhi yao hawajui mpaka wanafika kwenye kiashiria cha methili chungwa na kila mtu anaona badiliko isipokuwa wao. Mvulana anayemwachia mwenzake bureti kila mara huenda ni huyo. Mpe kiashiria kingine, au kipima pH kama kipo, au mwenzake amsomee rangi huku koki akiishika yeye.

Lakini zamu na vigoda haviondoi ile hesabu ya mikono kumi. Hapa ninapendekeza kwa moyo wote kemia ya kiasi kidogo, ambayo kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kimeieneza pamoja na UNESCO katika nchi nyingi zisizo na fedha za maabara kubwa. Bomba la sindano la mililita 1, bila sindano yake, lina mistari ya sehemu moja ya mia ya mililita. Linapatikana duka lolote la dawa. Kwa asidi na besi zilizozimuliwa hadi 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), kila mwanachuo anafanya titresheni yake mwenyewe kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anapata jibu, na kemikali inayotumika ni kidogo sana. Usahihi unapungua, kwa hiyo usiitupe bureti. Mtihani bado unaitaka. Tumia mabomba wiki tatu za mwanzo, ili kila mmoja awe ameshaiona rangi ikigeuka chini ya kidole chake kabla hajakutana na kundi na stendi. Naamini hatua hii moja itafanya kazi kubwa kuliko mabango.

Mabango nayo watakushauri. Weka, hayana ubaya. Wanawake waliopata Nobeli ya Kemia ni wanane tu tangu Marie Curie mwaka 1911, na ni vema wanachuo wakaziona sura zao, na ya Tebello Nyokong wa Lesotho, aliyechunga kondoo utotoni akaja kuwa profesa wa kemia Afrika Kusini na kupata tuzo ya L'Oréal-UNESCO mwaka 2009. Ila usihesabu bango kama rekebisho. Aliyeko kigodani ataisoma habari hiyo yote akiwa bado kigodani.

Mwisho wa muhula rudia zoezi lile lile, kwa sentensi zile zile, bila kuwakumbusha walichochora mwanzo, na uweke karatasi mbili za kila mmoja bega kwa bega. Kisha wape wenyewe michoro yao. Ni mali yao. Kwa idara andika kurasa mbili: makundi 12, mikono mingapi ilikuwa kwenye vifaa Februari na mingapi Juni, michoro minne uliyoruhusiwa kuionyesha, na ombi la mabomba 70 ya sindano kwa muhula unaofuata.